Mbao za Tishari Bovu

Kila alasiri baada ya shule, watoto wa Mtaa wa Chini walikusanya kuni. Jumapili ya mwisho kabla ya Kwaresima kila mtaa huwasha moto wake kando ya mto uitwao Tisa, na mtaa wenye moto mdogo hutaniwa mwaka mzima. Smilja, msichana wa miaka kumi na miwili, alikuwa amechoka kutaniwa.

Ndipo alipoanza kung'oa mbao za tishari bovu, mashua pana ya mizigo, lililotelekezwa kwenye yadi ya zamani ya kuundia mashua. Zilikolea lami, na zikishika moto, huwaka kwelikweli. Mlinzi wa yadi, Bibi Persa, aliyetia kalafati matishari, yaani kuziba nyufa zake kwa nyuzi na lami, tangu ujana wake, aliona mapengo akamwuliza Smilja kama ndiye aliyezing'oa.

"Si mimi, Bibi," Smilja alijibu kwa adabu zote. "Gavra ndiye anayeshinda hapa."

Kweli Gavra, mwanafunzi mwenzake, alishinda pale, kwa kuwa Bibi Persa alikuwa akimfundisha kazi ya kalafati. Siku hiyohiyo alifukuzwa yadini.

Alhamisi Smilja alirudi. Alipofika katikati ya sitaha ya tishari, ubao ulikatika na mguu wake wa kulia ukazama hadi pajani. Akauvuta. Maumivu makali! Akavuta tena, ubao ukazidi kumbana. Chini, ndani ya tishari, maji ya mto uliofurika kwa theluji iliyoyeyuka yalikuwa yakipanda. Yaligusa unyayo, kisha yakafunika kifundo cha mguu.

"Nani huko?" Bibi Persa aliita kutoka ukingoni.

Smilja akajiziba mdomo. Akiitika, uongo wake utajulikana. Vishindo vya nyayo vikaenda mbali, naye akabaki amenaswa, hawezi kwenda mbele wala kurudi nyuma. Maji yalipofika gotini alianza kulia kimyakimya. Hakuwahi kuogopa namna ile.

Vishindo vikarudi. "Gavra! Ni wewe tena, mtukutu?"

Smilja aliposikia jina lile hakuweza kuvumilia. "Si Gavra, Bibi! Ni mimi, Smilja! Nimenasa! Na mbao zote nilichukua mimi!"

Bibi Persa alilaza ngazi juu ya sitaha, akaja akitambaa.

"Acha kuvuta, we mtoto! Ubao umekatikia chini, vibanzi vyote vinaelekea chini. Ukivuta vinakuchoma. Shusha mguu."

"Kwenye maji, Bibi?"

"Shusha, nimesema!"

Smilja alishusha. Vibanzi vikamwachia. Bibi Persa akavivunja kwa patasi, akapenyeza gunia kuzunguka paja, kisha akamvuta taratibu. Mguu ukatoka umechubuka, bila kiatu.

"Nilipoita mara ya kwanza, ulinisikia?" Bibi Persa aliuliza akimfunga kidonda.

"Nilisikia. Niliona aibu."

"Aibu haiui, mjukuu wangu. Maji yanaua. Kosa ulilitenda wewe, ukamtwisha mwenzio, halafu ukawa tayari kuzama ili lisijulikane. Ukikosea, sema mapema, kungali na mtu wa kukusikia. Haya, inuka. Twende kwa kina Gavra, tukamwombe radhi."

"Hata wewe, Bibi?"

"Mimi ndiye nitakayeanza kuomba radhi. Wewe mtoto ulisema uongo. Mimi mtu mzima nikamfukuza mwenzio bila kumwuliza hata neno moja."