Kaka Yangu Alimnywesha Mama Soda kwa Kuponi za Chakula

Nina umri wa miaka thelathini na minane, mama wa watoto watatu, na nimeishi Dandora tangu nilipoolewa. Wasomaji wenzangu, si rahisi kumsema vibaya mtu mliyenyonya naye ziwa moja. Lakini kila nikipita mbele ya duka la kaka yangu mate hunijaa mdomoni na nalazimika kutema. Kwa hiyo acheni niseme.

Baba alipofariki, katikati ya miaka hii ya tisini, nilimleta mama kutoka Ukambani aje aishi nami. Mume wangu ni dereva wa malori ya safari ndefu, nyumbani kwake ni kama mgeni. Mimi nilikuwa nikishona sare za shule katika karakana moja kule Baba Dogo. Bei ya unga ilikuwa imepanda, watu wanapunguzwa kazi kila upande, na sisi tulikuwa tunaishi kwa kubahatisha.

Ndipo kanisa letu likaanzisha msaada wa chakula kwa wajane na wazee. Hawakupewa pesa. Walipewa kuponi, karatasi ngumu yenye mhuri, unaipeleka dukani unapewa unga, maharagwe na mafuta, vyote vikiletwa na kanisa kwa katoni zenye jina lake. Duka lililochaguliwa kugawa chakula hicho, hatua chache kutoka kwetu, lilikuwa la Mutua, kaka yangu mkubwa, ambaye pia ni mzee wa kanisa. Nilijivuna sana. Nani hangejivuna?

Mama alikuwa na ugonjwa wa sukari, na Mutua alijua. Ni yeye aliyempeleka kliniki mara ya kwanza, akakaa naye mbele ya daktari na kusikia kwa masikio yake kwamba vitu vitamu kwake ni sumu. Alirudi akinihimiza, "Mwende, chunga sana chakula cha mwaitu." Mwaitu ndivyo tunavyomwita mama kwetu.

Nikachunga. Uji wa wimbi bila sukari, sukuma wiki, ugali kidogo, dawa asubuhi na jioni. Mama akinung'unika, nilimnyamazisha kama mtoto.

Baada ya muda Mutua alisimama katika mkutano wa kanisa akasema si haki wajane kula unga na maharagwe siku zote. "Mjane naye ana roho," alisema. "Kwa nini kuponi yake isimpe hata soda?" Watu wakapiga makofi, wengine machozi yakiwalengalenga. Kamati ikakubali. Tangu siku hiyo kreti za soda zilipangwa mlangoni pa duka lake hadi ukawa unaingia kwa ubavu...

Nyumbani nako mambo yakaanza kwenda mrama.

Asubuhi moja nilikuta sisimizi wamejipanga mstari kutoka mlangoni hadi kwenye ndoo ya mkojo ya mama. Walikuwa wameizingira, wanapanda, wanazama humo. Mtu aliyewahi kuuguza mgonjwa wa sukari anajua maana ya sisimizi wale: sukari imezidi hadi inatoka kwenye mkojo. Nilimuuliza mama amekula nini.

"Chakula chako hichohicho," akajibu, akageukia ukutani.

Chakula cha kuponi nacho kilikuwa kinapungua. Mama alikwenda kukichukua mwenyewe, na kila mara alirudi na mfuko mwepesi zaidi. Mwishowe akawa anarudi mikono mitupu. Nikiuliza, ananiambia duka halijapata mzigo. Niliamini. Ningeshukuje? Duka ni la mwanawe.

Kisha kamba ya pata-pata, ndara zake za mpira, ikamkwaruza kidole cha mguu. Kidonda kidogo tu, kama punje ya mahindi. Nilikiosha kwa maji ya chumvi. Hakikupona. Kikawa cheusi, kikapanuka, kikaanza kutoa maji... Nyumba ikajaa harufu. Mwanzoni nilidhani ni upepo wa jalala la jiji lililo karibu nasi, maana sisi wa Dandora tumezoea. Nikafunga madirisha. Harufu ikazidi. Ilikuwa imo ndani, kitandani, mguuni kwa mama yangu.

Siku moja umeme ulipotea kule karakana, tukaruhusiwa kwenda nyumbani kabla ya saa sita. Nikaamua kupitia kwa Mutua nimwombe anisaidie kumrudisha mama hospitalini.

Sikumwona kaunta. Nikasikia kicheko nyuma ya pazia. Ilikuwa sauti ya mama, na sikuwa nimemsikia akicheka tangu tumzike baba. Nikafunua pazia.

Mama alikuwa amekalia kreti, mguu wake uliofungwa vitambaa ameunyoosha juu ya gunia, inzi wameufunika. Mkononi alishika soda ya machungwa, mrija mdomoni. Chini palikuwa na chupa nyingine tupu. Na kaka yangu, mzee wa kanisa, alikuwa akimpangusia chupa ya tatu kwa kitambaa.

Niliutoa mrija mdomoni mwa mama.

"Mutua," nikamwambia, "si ulimsikia daktari?"

"Kwani nimemlazimisha?" akajibu bila hata kupandisha sauti. "Kuponi ni yake na mdomo ni wake. Kuponi inasema kinywaji. Mimi ni mwenye duka tu."

"Na unga wake uko wapi?"

Wakati huohuo mteja akagonga kaunta, na Mutua akaenda kumuuzia unga. Aliutoa katika katoni zilizoletwa na kanisa. Nikaelewa yote papo hapo. Mama anakunywa soda, kuponi nzima inabaki kwa Mutua, na chakula cha mjane kinauzwa kwa pesa taslimu. Tena si mjane yeyote, bali yule aliyemzaa...

Nilimwinua mama. Alikuwa analia. Nilidhani ni aibu, kumbe ni hasira, tena juu yangu.

"Wewe kazi yako ni kunipa dawa tu," aliniambia njiani. "Mutua huniuliza, mwaitu, leo unataka nini? Hakuna mwingine aliyewahi kuniuliza hivyo, hata baba yenu."

Maneno hayo yaliniingia mifupani, hayajatoka hadi leo.

Hospitalini walimkata mguu juu ya goti. Tulikuwa tumechelewa, sumu ilikuwa imepanda. Mama alidhoofika, akawa anamwita Mutua mchana kutwa. Mutua alikuja mara moja, akasimama mlangoni amejiziba pua na leso. Niliitazama leso ile, nikatamani kumwuliza harufu hiyo anadhani ilitoka wapi. Mama alifariki kabla kidonda hakijakauka.

Tulimzika Ukambani. Na mnajua kaka yangu alileta nini matangani? Soda. Kreti kwa kreti, na waombolezaji wakimsifu kwa ukarimu wake. Aliponipa chupa niliimimina chini mbele ya watu wote, nikawaambia kilichomuua mama. Mjomba akanishika mkono. "Mwende, usimwaibishe ndugu yako mbele ya marehemu." Wakaendelea kunywa.

Niliporudi Nairobi nilisimama kanisani nikaomba soda iondolewe kwenye kuponi. Jirani yangu Mama Akinyi, mjane aliyekuwa rafiki ya mama, akasimama pia. Nilidhani ataniunga mkono.

"Mimi sina ugonjwa huo," alisema, "na Jumapili napenda kunywa soda yangu moja. Msitufanye watoto. Mwenye makosa ana jina, na amekaa pale mbele."

Shingo zote zikageuka kumtazama Mutua. Nilikasirika kwanza, lakini sasa najua mwanamke yule alisema kweli kuliko mimi. Kamati ikakata shauri. Waliondoa soda wakamwacha muuzaji. Kisha wakamwomba Mutua afunge mkutano kwa sala, naye akafumba macho akaomba, sauti nyororo kabisa.

Sijarudi kanisa lile.

Ndugu zangu wasomaji, msaada ukija mtaani kwenu msiishie kushangilia kilichoandikwa kwenye kuponi. Tazameni mkono unaoipokea, hata ukiwa mkono wa ndugu. Mzee wenu akienda kuchukua chakula, nendeni naye hadi kaunta.

Na zaidi ya hayo, nawasihi, mkimkataza mzazi kitu kwa ajili ya afya yake, kaeni naye, mwulizeni anatamani nini, hata kama jibu lenu litakuwa hapana. Mimi nilimpa mama dawa kwa wakati, lakini alikufa akiamini kwamba mtoto aliyempenda ni Mutua. Mzazi asipobembelezwa kwenu, atabembelezwa na mtu mwenye kitu cha kuuza.