Nyuzi Sita Zilizobaki

Rafiki yangu Derick wa Mandewa alimzika kaka yake Jumatatu, wala hakulia. Alhamisi mchana alifunga nyuzi mpya kwenye gitaa la marehemu, lile la nyuzi kumi na mbili, ili alipige kwenye misa ya kumwombea. Alikaza sita tu, mmoja kwa kila jozi, akaishiwa hamu. Akaliacha kwenye chumba chenye giza, akafunga mlango, akakaa nje na dada yake, Winfrida.

Ndani kipini cha kukazia kikalia, kri, kri. Uzi ukapigwa, sauti yake ikapanda polepole mpaka ikalingana na ya mwenzake. Kisha mwingine.

“Derick, nani yuko ndani?”

“Hakuna mtu, dada.”

Ulipotulia uzi wa sita, Derick aliingia, akavigusa vile vipini. Vilikuwa na joto, vimelowa jasho.