Hewa Iliyotoka Mchana

Jumatatu, saa moja na dakika kumi asubuhi, mtaani Cimpunda. Muuguzi Virginie, anayezungukia wagonjwa wa viti vya magurudumu majumbani, alimgeuza fundi cherehani Grégoire akaona doa jeusi kwenye kalio. Mto wa hewa anaokalia, kinga yake pekee, ulikuwa bapa kama chapati. Grégoire aliendelea kutafuna ndizi. Tangu ajali ya lori, hahisi kitu kutoka kiunoni kwenda chini.

Virginie naye hakushtuka. Vidonda vya namna hiyo vilishazika wagonjwa wake wanne, na machozi yake yaliishia kwa wa pili.

“Ni Jean-de-Dieu, tunashonaka naye,” Grégoire alisema, akiuonyesha mto. “Anataka nafasi yangu. Samedi patron alimufukuza juu ya ile kutoa hewa.”

“Samedi? Jumamosi alifukuzwa, na leo tena iko bila hewa?”

Grégoire akamenya ndizi nyingine.

Virginie aliujaza mto, akauzamisha kwenye beseni la maji. Hakuna kiputo kilichotoka: haukuwa umetoboka. Basi kuna mkono uliofungua kizibo, na kikulacho ki nguoni mwako. Alimwamuru Grégoire alale. Akakataa, sare za shule zinangojwa. Bila kumwambia mtu, Virginie alipaka kizibo rangi nyekundu ya kucha.

Saa sita alipita kwenye karakana anakoshonea Grégoire: rangi nzima. Saa tisa alirudi: imebanduka, na ngozi juu ya lile doa imechanika. Waliokuwamo ni wawili tu, Grégoire na bosi wake. Papa Cirhuza, mwenye karakana, alionyesha vidole safi.

“Leta yako, papa Grégoire,” Virginie alisema.

Chini ya ukucha wa gumba palikuwa na wekundu.

“Juu ya nini ulifanya hivi?” Virginie aliuliza. Hasira ilimpanda, ya kwanza tangu miezi mingi.

“Coussin, huu mto, inanipandisha, maman. Magoti haiingiake chini ya meza ya mashini. Nikitoa hewa, inaingia. Sisikiake maumivu. Lakini nisiposhona, mimi ni nani?”

“Na Jean-de-Dieu?”

“Niliogopa. Mulisema mwenye kuharibu coussin, munamupokonya.”

Virginie alimwita Jean-de-Dieu, akamfanya Grégoire ayarudie yote mbele yake. Kisha wakamlaza kifudifudi mkekani. Miezi mitatu hatakalia kiti, Virginie alisema, kama Mungu akisaidia.

Jean-de-Dieu aliinama, akapima miguu ya meza kwa kiganja.

“Grégoire,” alisema taratibu, “hapa chini ilikuwa ya kutia matofali ine tu, meza ipande. Ungeniomba.”