Mkate wa Wifi na Kidonge cha Presha

Mume wangu, Mselem, alikuwa mshonaji kofia. Kila asubuhi alikaa barazani na sindano yake, akitania wapita ndia. Mwaka ule wa 1958 aliacha kutania. Kofia ilikaa mapajani wiki mbili bila tundu jipya la kudarizi.

"Una nini, Mselem?"

"Sina hamu na kitu, Mwanatumu. Niache."

Tumbo lilimwendesha, na pua ikaziba. Mimi mbaya wake nilishamjua. Wifi yangu Hindu! Aligombana na kaka yake juu ya nyumba ya marehemu mama yao. Tangu hapo, ati kila asubuhi analeta mkate wa mofa, ule wa mtama. Mapenzi gani hayo ya ghafla? Siku za kwanza Mselem aliula; alipougua, mkate niliwatupia kuku. Sahani nikamrudishia tupu, na kwetu hilo ni tusi. Kuku hawakufa, lakini nikasema, uchawi wa watu hauui kuku.

Mselem alikuwa akimeza kidonge kimoja cha presha kila siku. Alianza mwezi mmoja kabla ya kuugua. Nikampa viwili, apate nguvu. Akazidi kunyong'onyea. Asubuhi moja akasema, "Heri nife."

Nilikimbia hospitali na kipande cha mkate, nikamwambia dresa, msaidizi wa daktari, Bwana Badawi, akipime kama kimetiwa kitu.

"Na dawa anazomeza ziko wapi, Bi Mwanatumu?"

Nikatoa chupa ya vidonge niliyoifunga kangani, nikampa.

"Anameza vingapi?"

"Viwili. Nimemwongeza mwenyewe."

Badawi aliweka mkate kando. "Mwilini mna kitu kinaitwa serotonini. Kingi kimo matumboni, husaidia kusukuma chakula. Kimo kwenye damu, husaidia jeraha kufunga. Kidogo kimo ubongoni, na madaktari wanadhani kinahusika na furaha na usingizi. Kidonge hiki hushusha presha, lakini hupunguza serotonini. Baadhi ya watu huingiwa na huzuni kubwa. Wewe umemzidishia."

"Basi Hindu..."

"Hindu amefanya nini?"

Ya Rabi, uso wangu niuweke wapi!

Daktari alimbadilishia dawa siku ile ile. Alituonya tusiongeze wala kuacha dawa kwa shauri letu. Na mgonjwa akiingiwa na huzuni, tuseme mapema.

Baada ya wiki kadhaa, Mselem alishika sindano. Akamtania muuza maji, hata yule akacheka.

Siku hiyo nilipika visheti, nikajaza sahani, nikampelekea Hindu. Aliitazama sahani, akanitazama mimi.

"Umetia nini humu?"

Nilikula kimoja mbele yake. Ndipo naye akala.