Mkia wa Basar

Jioni ile nilitoka kuokota samadi kavu ya kuwashia jiko. Hilo tu. Kapu mgongoni, uma wa mti mkononi, mtoto nimemwacha ndani ya hema letu la sufu na baba yake. Nilikuwa nimerudi jana yake kutoka mji wa wilaya, nilikokaa wiki sita hospitalini kungoja kujifungua na kupona, na nilikuwa na hasira tangu niliposhuka kwenye gari.

Basar hakuja kunipokea.

Basar alikuwa mbwa wetu. Wangu, niseme ukweli. Nilikuja naye nilipoolewa, miaka kumi na mitano iliyopita, akiwa mdogo wa kutosha kukaa ndani ya koti langu na kulikojolea njia nzima. Mweusi, mkubwa, na juu ya kila jicho doa la kahawia. Mbwa wa namna hiyo tunamwita wa macho manne: mawili ya kuonea mbwa mwitu, mawili ya kuonea vile ambavyo sisi hatuvioni. Uzeeni yale mawili ya kawaida yalipofuka. Yale mengine, mimi nilijua hayajapofuka. Farasi aliwahi kumpiga teke la kifua, na tangu siku hiyo hakuweza kunguruma bila kukohoa kwanza mara mbili. Kho, kho... ndipo mngurumo. Miaka yote hiyo nilikisikia kikohozi hicho nje ya mlango nikageuka upande wa pili nikalala.

"Amekufa kwa uzee," mume wangu Choijil aliniambia, huku akinimiminia chai ya chumvi. "Wiki mbili sasa. Nimemfanyia kila kitu."

Mbwa akifa, mwenye nyumba humkata mkia akauweka chini ya kichwa chake. Humtia kipande cha mafuta ya kondoo mdomoni. Kisha humnong'oneza sikioni kwamba kazi yake imekwisha, aende akazaliwe mtu. Kati ya mbwa na mtu hakuna ngazi nyingine, ila huo mkia. Hicho ndicho kila kitu alichosema amekifanya.

"Umemlaza wapi?"

"Juu kule. Kilimani."

"Kilimani wapi?"

"Dulmaa, umerudi na mtoto au umerudi na matanga? Kunywa chai, inapoa."

Asubuhi nilipanda kilimani na mtoto kifuani. Nilizunguka mpaka miguu ikafa ganzi. Hakuna jiwe lililoinuliwa. Hakuna udongo uliochimbwa. Nilishuka nikiwa kimya, na aliyenijua angejua kwamba kimya changu si cha amani.

Basi jioni hiyo nilikuwa nimeinama kuokota samadi, jua limeshagusa mlima, nikasikia mtu anaita.

"Shikeni mbwa..."

Kwetu mgeni habishi hodi. Husimama mbali akaita hivyo, hata kwenye hema lisilo na mbwa. Na mwenyeji hajibu kitu. Hutoka, akasimama mlangoni kama mtu aliyemshika mbwa wake, mgeni akapita. Mwenye nyumba hasemi kwamba hana mbwa. Hata kama amekufa leo asubuhi, hasemi. Nilifundishwa hivyo kabla sijajua kufunga mkanda wangu mwenyewe.

Niliinua kichwa. Sauti ilikuwa ya mwanamke, laini, ya mtu aliyechoka na safari. Ilitoka nyuma ya hema, upande wa kaskazini, ambako hakuna njia ila mawe na korongo.

Hapakuwa na mtu.

Kondoo zizini walikuwa wamesimama wote, wameelekea upande mmoja. Hakuna aliyelia. Halafu ikaja harufu, ya nywele zilizoungua. Nikaacha kapu na uma palepale, nikarudi ndani nikitembea, maana kukimbia ni kumwonyesha mtu kwamba umemwona.

Ndani nilimpaka mtoto masizi ya sufuria kwenye paji la uso. Jina lake Enebish, yaani Siye Huyu. Wawili waliomtangulia walinifia njiani, kabla hawajafika nyumbani kwa Basar, na anayewatafuta watoto wetu hupewa jina kama hilo ili apite. Huyu ndiye wa kwanza kufika akiwa hai. Mimba nzima, mpaka siku ya kuondoka, nilikuwa nikimwambia Basar, nikimkuna nyuma ya masikio: mzee, vumilia kidogo, nakuletea kazi moja ya mwisho.

Kesho yake, wakati uleule, tulikuwa tunakula. Choijil alikuwa anakwangua mfupa kwa kisu.

"Shikeni mbwa..."

Karibu zaidi. Nyuma ya ukuta wa sufu, hatua kumi labda.

Kisu kilisimama kwenye mfupa.

"Kuna mgeni," nikasema. "Toka."

Choijil hakuinuka. Mwanamume mzima, mwenye nyumba, mgeni anaita na yeye ameketi anatazama mfupa.

"Choijil. Toka."

"Sitoki," alinong'ona. "Jana nilimsikia. Na juzi. Anakuja tangu... tangu nilipompeleka."

"Ulipompeleka nani?"

Akarudisha kisu kwenye mfupa.

"Ulimpeleka nani, Choijil?"

"Alikuwa kipofu, Dulmaa. Anakula tu. Mbwa mwitu alibeba kondoo wawili mbele ya pua yake. Nimeletewa habari za mtoto wa mbwa mzuri kule kwa akina Luvsan, wawili siwezi kuwalisha. Nikampakia kwenye pikipiki, nikamwacha korongoni. Sikumuua. Mkono wangu haukumgusa. Ungetaka nimpige risasi? Kuua mbwa ni dhambi."

Nilimtazama. Nilitaka kumtupia sufuria ya mchuzi usoni, na ninasema wazi kwamba kilichonizuia ni mtoto tu. Alimwacha mzee wangu kwenye baridi ile inayopasua mawe, halafu akakaa akihesabu kwamba hana dhambi kwa sababu mikono yake ilikuwa mfukoni. Na mkia?

"Mkia ulimkata?"

"Alikuwa bado hai. Ningemkataje?"

"Na mafuta?"

Akaweka kisu chini.

Kule nje sauti ikaita tena, kwa upole uleule. Na mimi hasira ikanipanda kichwani, ikanitoa akili. Nikageukia ukuta nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote.

"Hatuna mbwa! Tumemtupa! Mwulize huyu hapa alikompeleka!"

Moto jikoni ukalala. Choijil aliniangalia mdomo wazi. Hapo ndipo nilipoyasikia maneno yangu.



Kisha hatua. Zilianza nyuma ya hema, zikazunguka taratibu, upande wa magharibi... zikigusa sufu, krrr, krrr, kana kwamba mtu anapitisha kucha ndefu kwenye kamba za hema moja baada ya nyingine. Harufu ya nywele zilizoungua ikajaa mpaka macho yakaniuma. Enebish alikuwa akilia. Akaacha. Nilimfunua nikaona midomo imekuwa ya buluu, macho yamekodoka juu kwenye tundu la moshi.

Hatua zikafika mlangoni.

"Naingia," ile sauti ikasema. Haikuwa na uchovu tena.

Nilimshika Choijil kwenye ukosi. Yeye ni mzito kuliko mimi, lakini jioni ile alikuwa mwepesi.

"Toka ukashike mbwa."

"Mbwa gani? Dulmaa, mke wangu, mbwa gani?"

"Mtoto anakufa. Wewe ndiye mwenye nyumba. Toka."

Nikaufungua mlango kwa mguu, nikamsukuma, nikaufunga. Nasema kama ilivyokuwa. Sikumwambia kwaheri.

Nje hakukuwa na ukelele. Hata mmoja. Nilihesabu pumzi zangu na kumpulizia mtoto mdomoni. Halafu nikasikia.

Kho. Kho.

Ndipo mngurumo.

Ulianzia chini kabisa, palepale kizingitini, ukapanda mpaka vikombe vikatetemeka kabatini. Nilianza kulia kabla sijajua kwamba ninalia. Kitu kikapiga yowe, kikakimbia, na kingine kikakifukuza kwa miguu minne juu ya barafu, mbali, mbali zaidi, hadi upande wa korongo. Enebish akavuta pumzi na kunitapikia maziwa begani.

Nilipofungua mlango, Choijil alikuwa amepiga magoti upande wa kulia, mahali pa Basar. Mdomo wake ulikuwa na damu, na kati ya meno kulikuwa na nywele ndefu nyeusi, zimeungua ncha. Nilimwita jina. Aligeuza kichwa, sikio kwanza, kama kipofu.

Nesi wa wilaya alikuja na gari, akampima, akasema baridi imempiga ubongo, atakuwa sawa akilishwa vizuri. Mchana kweli yuko sawa. Anachunga, anarekebisha pikipiki, anazungumza ukimwuliza. Lakini jua likigusa mlima anaacha alichoshika. Anatoka, anajikunja upande wa kulia wa mlango, na mpaka asubuhi hasemi neno la mtu. Bakuli lake nampelekea huko. Mifupa haibaki.

Jirani yetu wa karibu ni Bibi Tsend, nusu siku kwa farasi. Alikuja kumwona mtoto, akakaa mpaka machweo, akamwona na baba. Alivuta ugoro wake, akapiga chafya.

"Huyo si wazimu," akasema.

"Ni nini, Bibi?"

"Mbwa wako hajaachiwa. Kufa amekufa, kazi haijaisha, mkia haujakatwa. Amerudi lindoni kwa ngozi iliyokuwapo." Akanikazia macho. "Mtafute. Mkate mkia, umnong'oneze, aende zake. Mumeo atakurudia."

"Na yule mwanamke?"

"Yule umemwambia mwenyewe kwamba huna mbwa. Unadhani atasahau?"

Bibi Tsend naye anaongea mengi, na ugoro wake una nguvu. Huenda nesi ndiye aliyesema kweli. Lakini jioni nyingine, upepo ukitoka kaskazini, ile harufu inakuja, na kikohozi kile kinaijibu kabla haijafika mlangoni.

Theluji ilipoyeyuka nilikwenda korongoni. Nilimfunga Enebish mgongoni, nikachukua kisu na kipande cha mafuta. Nilitafuta siku nzima. Nilimpata jua likiwa limeinama, chini ya mwamba, amejikunja pua chini ya mkia kama alivyolala siku zote. Baridi ilikuwa imemhifadhi. Yale madoa mawili yalikuwa bado ya kahawia.

Shingoni alikuwa na kamba. Ile niliyoisuka mimi kwa manyoya ya farasi. Ncha ya pili ilikuwa imefungwa kwenye jiwe, mafundo matatu.

Hilo Choijil hakuniambia. Alimfunga asirudi nyumbani. Alijua kwamba kipofu yule angerudi.

Nilikaa chini nikamwomboleza kwa matusi, maana machozi yalikuwa yamekwisha. Nilimtukana Choijil, na mama yake, na pikipiki yake. Kisha nikafungua yale mafundo kwa meno. Nikamtia Basar mafuta mdomoni, nikaushika mkia wake, nikachomoa kisu.

Juu ya mwamba, nyuma yangu, mtu akakohoa. Mara mbili.

Sikugeuka. Jua lilikuwa limegusa mlima, nami nilijua nani amenifuata na anangoja nini. Mkato mmoja tu. Basar angekwenda kuzaliwa mtu, miaka kumi na mitano ya kunilinda ingelipwa. Choijil angekuwa Choijil. Na kesho jioni mlango wetu usingekuwa na mbwa.

Enebish alikuwa amelala, anapumulia shingo yangu.

Niliweka mdomo kwenye sikio la Basar. Nilipaswa kumwambia kwamba kazi yake imekwisha.

"Bado mdogo," nilimwambia. "Nisamehe, mzee. Bado mdogo sana."

Nikarudisha kisu alani. Nikaiokota ile kamba, nikaikunja, nikaitia mfukoni. Kisha nikafanya alichofanya Choijil. Nikamwacha palepale, nikaondoka bila kugeuka nyuma.