Kinywa Chini ya Projekta

Ncha ya drili ilitoka darini ikiwa imelowa.

Fundi aliyekuwa juu ya ngazi aliisugua kwa kidole gumba, akanusa kidole hicho, na papo hapo akageuza uso kama mtu aliyezabwa kofi. Kilikuwa kiangazi kikali, mvua wamekwisha kuisahau. Lakini lile tundu alilotoboa kwenye dari ya baraza lilikuwa likitoa ute mzito wa rangi ya usaha, ukaning'inia kama kamasi na kukataa kukatika.

"Juu ya hapa kuna nini?" aliuliza.

"Bati tu," mwenye nyumba akajibu kutoka chini. "Labda kuna panya amefia huko."

"Basi huyo panya alikuwa na mapembe."

Wakacheka. Fundi akalifuta tundu kwa kitambaa, akaendelea na kazi.

Mwenye nyumba alikuwa dereva wa lori, na kila mtu alimwita hivyohivyo, Dereva. Alikuwa akiishi na mkewe na baba yake mzazi. Mzee huyo alipooza upande mmoja wa mwili na kupoteza usemi, akawa mtu wa kiti cha magurudumu, mdomo umelegea wazi kutwa nzima. Kitu kimoja tu kilikuwa bado kinamwamsha: mpira. Runinga ya chumbani ilikuwa ndogo, ikimtesa macho, ndipo Dereva akaamua kufunga projekta kwenye baraza la nyuma, ya kudumu, na ukuta wa mbele upakwe rangi nyeupe, ili baba yake awaone wachezaji wakubwa kama watu. Mkewe, ambaye mchana alishonea nguo za watu hapo barazani, hakupinga. Yeye ndiye aliyemwogesha mkwewe na kumlisha uji. Kama mpira ungemfurahisha, na uwekwe.

Fundi aliifanya kazi yake kwa moyo. Alipima kwa pimamaji, akakaza kishikizo cha chuma, akapitisha waya ndani ya bomba, kisha akaining'iniza projekta kichwa chini, ndani ya kisanduku cha kuikinga na vumbi.

"Hii haitoki hapa mpaka nyumba ianguke," alisema akikunja ngazi.

Jioni hiyo walimsogeza Mzee chini yake. Picha ilipotua ukutani, jicho lake la upande uliobaki mzima likang'aa, na Dereva akapiga makofi kama mtoto. Kipindi cha kwanza hakijaisha, tone moja likachuruzika kwenye kishikizo, likavutika, likadondoka moja kwa moja kinywani mwa Mzee. Mke wa Dereva aliruka na kitambaa, lakini koo la mkwewe lilikuwa limekwisha kupanda na kushuka.

Kisha wakaja wadudu. Nondo hufuata taa, hilo halikumshangaza mtu. Kilichomshangaza mke wa Dereva ni kwamba hawakuizunguka projekta. Walishuka mmoja mmoja, taratibu, wakaingia katika kinywa kile kilicho wazi, na Mzee, ambaye hata mkate uliolowekwa ulikuwa unamshinda, akafunga mdomo akatafuna. Kra, kra. Unga wa mabawa ukamganda kwenye midomo.

"Mungu wangu! Baba, tema! Tema!"

Mzee alimeza. Akageuza shingo kumtafuta mwanawe, na kwa sauti nzito iliyoloa mate akasema, "Kijiti."

Dereva alianguka magotini. Hakuna aliyewahi kumwita Kijiti ila baba yake, tena enzi zile akiwa mtoto mwembamba wa kupeperushwa na upepo.

Tangu hapo Mzee akawa anasema kila projekta ilipowashwa, na ilipozimwa alinyamaza. Dereva aliacha safari zake. Jua likizama tu, yuko barazani amevuta kigoda karibu na kiti cha baba yake, sikio limeelekea mdomoni.

"Nilikuwa nakuita mvivu," Mzee alimwambia jioni moja. "Nilikosea, Kijiti. Katika wanangu wote, wewe ndiye niliyekutegemea."

Maneno hayo Dereva alikuwa ameyangoja tangu utotoni. Aliyasikiliza akilia, na wala hakuona mguu wa mende ukichezacheza kwenye pembe ya mdomo uliokuwa ukiyasema.

Mkewe aliuona. Kila asubuhi alimpigisha mkwewe mswaki, na kila asubuhi alichokonoa kati ya meno yake vipande vya mabawa, na vinyweleo ambavyo havikuwa vya mdudu wala vya mtu. Ufizi ulikuwa umelainika ukawa mweusi. Harufu ya pumzi yake ilikuwa ya sufuria ya nyama iliyofunikwa na kusahauliwa juani, ikaingia kwenye vitambaa vya wateja, ikamfuata mpaka kitandani, na siku alipopanda ngazi kuifuta lenzi iliyokuwa imetanda ukungu, kitambaa chake kiligusa kitu laini, chenye unyevu na joto, kama ngozi ya ndani ya shavu, na kitu hicho kikajikunja polepole kukwepa kidole chake.

Jioni hiyo alimvuta mumewe jikoni.

"Mume wangu, yule si baba."

"Kumbe unaona wivu baba yangu akizungumza nami?"

"Wivu!" Alikuwa akinong'ona. "Mimi ndiye ninayemsafisha. Najua anavyonuka akiumwa, akijichafua, akilia. Ile harufu si yake. Na kama huniamini mimi, nenda kamfunue tumbo."

Dereva alikwenda kwa hasira, akazima projekta. Alipofunua shati aliona mbavu zinazohesabika na, chini yake, tumbo lililovimba kama kiriba. Akaweka kiganja. Chini ya ngozi, vitu vingi vidogo vilikuwa vikipapatika. Alikimbilia uani akatapika, na alipoinua kichwa akaona projekta aliyoizima mwenyewe bado inamulika ukutani, wala si mpira tena, bali kinywa kikubwa chekundu kilicholowa, ufizi mweusi na ulimi mnene ukijilamba, na kila kinywa hicho kilipofumbuka, Mzee naye alifumbua chake, na sauti ikatoka, "Kijiti, mbona unanikimbia?"

Mganga waliyemleta alikuwa mwanamke mfupi mwenye miwani, mtu wa maneno machache. Aliitazama dari, akaziba pua kwa upande wa kanga yake.

"Hili jini lilikuwa limelala juu kule, mkalitoboa," alisema. "Lilikosa mdomo, mkaliwekea mmoja wazi chini yake."

"Litoe, mama. Nakuomba."

"Mimi nitalishika tu. Wa kulifukuza ni wewe. Kila lilipokuita, nani aliitika?"

Waliwasha projekta. Mganga akampaka Mzee chumvi midomoni, akamkamata taya kwa mikono miwili. Mwili ule uliopooza ukakakamaa wote, na sauti ikaanza kubembeleza, kwanza kwa utulivu, kisha kwa kilio, ikisema Kijiti mwanangu usinirudishe kimya, huku ndani ni giza na ulimi wangu ni jiwe, nimebakiwa na mengi ya kukwambia, na huyo mwanamke anataka nife ili apumzike, na ukinifukuza leo hutasikia tena neno la baba yako mpaka unaingia kaburini, na wakati wote huo mende walikuwa wakimdondoka kinywani, wakimtambaa shingoni.

Dereva alimtazama mkewe. Yeye alikuwa ameushika mkono wa mkwewe, machozi yanamtoka.

"Sema ukiwa unamwangalia," mganga alinong'ona.

"Toka," alisema Dereva. Akasogea karibu, akalirudia neno. "Toka kwa baba yangu."

Mzee alitapika. Yalitoka mabawa, yakatoka mafuta ya manjano, kisha kitu kirefu cheupe chenye vinyweleo, kikijivuta kwa ulimi wake chenyewe, kikaanguka sakafuni na kulia kama mtoto mchanga. Mganga alikimwagia chumvi yote iliyobaki. Kikasinyaa, kikatoa povu. Projekta ikapasuka lenzi na kuzima.

Walipomaliza kusugua sakafu, Dereva alimsindikiza mganga mpaka langoni.

"Mama, yale maneno. Kwamba alinitegemea. Aliyasema nani?"

"Hilo usiniulize mimi," mganga alijibu, akaenda zake.

Asubuhi Dereva alichukua beseni na mswaki mikononi mwa mkewe, kwa mara ya kwanza tangu baba yake augue. Alimsafisha kinywa polepole. Kisha akamwinamia.

"Baba, yale maneno yalikuwa yako? Kama ndiyo, fumba jicho."

Mzee alimtazama. Jicho lile zima lilikaa wazi, halikupepesa, likawa jekundu, likajaa maji yakamtiririka shavuni, na bado lilikaa wazi, mpaka mke wa Dereva alipomwekea mumewe mkono begani na kumwambia taratibu, "Basi, mume wangu. Mwache afumbe."