Diski ya Mama Vifungo

Ningependa kusema haya yalimpata jirani, kama wasemavyo watu wengi wakisimulia mambo ya namna hii. Yalitupata sisi, mimi na kaka yangu, na sehemu iliyo mbaya kuliko zote niliifanya mimi, mchana kweupe, nikiwa nimekaa kitini.

Kaka ni fundi wa kompyuta. Wanamwita Bisibisi kwa sababu hata msibani huwa nayo mfukoni. Mimi nilikuwa wa kaunta: kupokea vitu, kubandika majina, kuwapoza wateja wenye haraka. Asubuhi hiyo nilikuwa nafuta vumbi na yeye anagombana na printa iliyomeza karatasi, ndipo mwenye ukumbi wa michezo wa mtaa wa pili alipopiga simu. Gari lake la mbio limezimika, na shule zinafungwa kesho.

Hilo gari ni mashine ya mchezo. Lina kiti, usukani, pedali mbili na skrini kubwa, na watoto huliona kama muujiza. Kaka alikuwa akicheka kila akilifungua, maana ndani ni kompyuta ileile ya ofisini, bodi, feni na diski, iliyovalishwa koti la rangi. Ila bodi yake ilikuwa ya zamani na ina madeko. Diski za siku hizi ilizikataa zote kwa ukubwa wao. Ilitaka diski ndogo ya miaka ile, ambayo huipati tena dukani. Mchana huo kaka aliikuta diski ya gari inakufa; aliwahi kuuokoa mchezo wenyewe kabla haijafa kabisa, akabaki hana pa kuuweka.

Diski ya namna hiyo tulikuwa nayo moja. Haikuwa yetu.

Ilikuwa ndani ya kompyuta ya Mama Vifungo, fundi cherehani wa ng'ambo ya barabara, ambaye hakosi vifungo kwenye mifuko yake yote. Aliileta wiki iliyotangulia kwa kuwa haiwaki. Binti yake wa pekee alifariki akiwa na miaka tisa. Enzi za uhai wake alikuwa akijirekodi kwenye kompyuta hiyo akisoma vitabu vya shule kwa sauti, na kila rekodi ilianza kwa swali moja, "Mama, nianze?" Mama yake alinisimulia hayo huku akicheka na kujifuta macho. Kaka alishaikagua. Kilichoungua ni pawa saplai tu, kile kisanduku cha kuingizia umeme, diski ilikuwa nzima.

Jioni hiyo kaka alitoka chumba cha nyuma bila kunitazama. Alikuwa ameifuta. Katika haraka zake alidhani amekwisha kunakili zile sauti pembeni, kumbe hakunakili kitu. Mchezo alikuwa bado hajauweka juu yake, na diski iliyofutwa hivyo, ikiachwa bila kuandikwa tena, wapo wataalamu wanaoweza kukirudisha kilichomo. Nilikaa kwenye duka lile miaka sita. Nilijua.

"Mwambie imekufa," alinong'ona.

Mama Vifungo alikuja kesho yake asubuhi. Nilimwambia kwa macho makavu kwamba diski yake imekufa.

"Hata sauti yake?"

"Hata sauti, mama."

Aliniomba basi nimpe hiyo diski mbovu, akaiweke tu nyumbani. Nikasema tumeshaitupa. Akanishukuru kwa kuhangaika, na ile asante yake nikaipokea. Nyuma ya pazia kaka alikuwa anamalizia kuuweka mchezo.

Siku ya tatu mwenye ukumbi alipiga simu kusifu. Mashine ilizoea kuhesabu kwa lugha ya kigeni kabla magari hayajaondoka. Sasa inahesabu kwa Kiswahili, watoto wamependa, fundi ameupiga mwingi. Kaka alicheka kicheko kifupi. Hakuwa amegusa kitu upande wa sauti. Siku ya tano simu ililia tena na sauti ya yule bwana ilikuwa nyingine. Alisema mtoto mmoja ameshuka kitini mbio na hataki kurudi. Anasema gari limemuuliza jambo.

Tulikwenda saa nne asubuhi, kabla ukumbi haujafunguliwa. Jua lilikuwa limeingia hadi katikati ya sakafu. Mwenye ukumbi alibaki mlangoni. Kaka akaiwasha.

"Tatu. Mbili. Moja."

Ilikuwa sauti ya mtoto wa kike. Alitamka polepole, kama anayepitisha kidole chini ya maneno. Kaka alisema ni mabaki tu, diski haikufutika vizuri. Akachomoa waya ukutani. Feni ikasimama. Akalegeza skrubu, akaivuta diski, akaiweka kiganjani.

Skrini ilikuwa nyeusi. Plagi ilikuwa miguuni pangu. Niliiona kwa macho yangu.

"Mama, nianze?"

Ilitoka kwenye spika ya nyuma ya kiti.

"Mama, nianze?"

Safari hii chini zaidi. Kama mtoto aliyeambiwa asubiri, naye anasubiri.

Kaka alichukua nyundo. Ningeweza kusema ngoja, tumpelekee mama yake. Badala yake nilisogea kumpisha. Aliipiga diski mara nne juu ya saruji ya kizingiti. Kisha mimi nikafagia vipande.

Mashine haikusema tena. Mimi ndiye niliyekosa raha. Kwa wiki mbili nilizunguka uchochoroni ili nisipite mbele ya cherehani yake, mtu mzima najificha kama kibaka. Mwishowe nilijifungia dukani, nikazima feni, nikamtumia ujumbe wa sauti, kwani sikuwa na uso wa kumtazama. Nilimweleza yote. Kaka aliifuta, kaka aliivunja, naomba radhi. Na hata hapo, Mungu anisamehe, nilijisafisha. Nilisema kwamba siku ile pale kaunta, habari za diski kufutwa mimi sikujua.

Alivuka barabara simu ikiwa mkononi. Hakuwa analia.

"Uliposema hukujua, mwanangu kasema ulijua," aliniambia taratibu. "Ni sauti yake, siwezi kuikosea. Sasa, binti, nimwamini nani?"

Nilitazama chini. Akarudi zake, na siku nzima sikusikia cherehani ikilia.

Ujumbe ule bado ninao. Nimeusikiliza mara zisizo na idadi na nasikia sauti yangu tu, basi. Ila baada ya kusema "sikujua" nilinyamaza ili nimeze mate, na mtu akinyamaza, vile vistari vya sauti kwenye kioo cha simu hulala. Vyangu havikulala. Pale nilipofunga mdomo vimepanda, vikashuka, kwa urefu wa neno moja.